Karatasi kifuani: Ufundi wa bruchi za washi

Mtu akiambiwa kwamba bruchi aliyoisifia kwenye kola ya mwenzake ni ya karatasi, swali lake la kwanza huwa moja tu: mvua ikinyesha je? Ana haki ya kuuliza. Karatasi anayoijua ni ya daftari, ya gazeti na ya risiti ya dukani, na hiyo ikiloa ndiyo basi tena. Isitoshe, bruchi si picha ya kutundika ukutani. Hubanwa kwenye mtandio, kwenye koti au kwenye mkoba. Hushikwa na vidole vyenye mafuta, husuguliwa na mkanda wa gari, hupigwa na jua la mchana. Urembo wa karatasi utakaohimili maisha hayo lazima uwe umetengenezwa kwa karatasi ya aina nyingine kabisa.

Karatasi yenyewe ni washi, ile inayotengenezwa kwa mkono nchini Japani. Mafundi wanaotengeneza bruchi za karatasi huipenda kwa rangi zake, lakini kinachowafanya waiamini ni nyuzi zake.

Gome, si mbao

Karatasi ya kawaida hutokana na mbao zilizosagwa au kupikwa kwa kemikali hadi zikawa rojo. Washi hutokana na gome. Mti unaotumika zaidi ni kozo, wa jamii ya mforsadi. Iko pia mitsumata na gampi. Matawi ya kozo hukatwa majira ya baridi, hupikwa kwa mvuke, kisha gome hubanduliwa. Ganda jeusi la nje hukwanguliwa kwa kisu hadi zibaki nyuzi nyeupe za ndani. Hizo huchemshwa kwa maji ya majivu au magadi, husuuzwa kwa maji mengi, na watu hukaa wakichambua kwa vidole kila kibanzi na kila doa. Ndipo zinapondwa.

Kwenye pipa la maji, nyuzi huchanganywa na ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea ulio ndugu wa karibu wa bamia. Aliyewahi kupika mlenda anajua ute wa namna hiyo unavyovutika. Kazi yake hapa ni kuzifanya nyuzi zielee bila kushikana mabonge na kuyachelewesha maji yasichuruzike upesi. Fundi huchota mchanganyiko huo kwa chujio la vijiti vyembamba vya mianzi, akalitikisa huku na huku, tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikisukana. Uzi mmoja wa kozo hufikia urefu wa karibu milimita 10, ilhali nyuzi za misonobari inayotumika viwandani ni kama milimita 3. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya washi ikunjwe, ifinyangwe na kukunjuliwa isikatike.

Ushahidi wa uimara wake haujajificha. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara kuna orodha za kaya za mwaka 702, zilizoandikwa kwenye karatasi ambayo baadhi yake ilitengenezwa Mino, na hadi leo zinasomeka. Mino hiyohiyo, iliyoko mkoa wa Gifu, ni miongoni mwa sehemu ambazo ufundi wake wa washi uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, pamoja na Hamada mkoani Shimane na majirani wawili wa Saitama, Ogawa na Higashi-Chichibu.

Wala kuvaa karatasi si mzaha wa leo. Katika hekalu la Todaiji, Nara, watawa wanaoshiriki ibada ya kila mwaka inayofikia kilele mwezi Machi huvaa majoho ya karatasi yaitwayo kamiko. Ibada hiyo ilianza mwaka 752. Na kwa anayeuliza habari ya mvua, Wajapani walimjibu zamani: miavuli yao ya asili ni washi iliyopakwa mafuta ya mimea na kuwambwa kwenye mbavu za mianzi.

Ua zima au nusu ua

Washi inayopendwa zaidi na watengeneza bruchi ni chiyogami, yenye mapambo yaliyochapwa. Zamani ilichapwa kwa vibao vya mbao, na huko Yanaka, Tokyo, duka la Isetatsu lililoanzishwa mwaka 1864 bado linaendeleza kazi hiyo. Aina nyingine, yuzen, hubeba michoro ya vitambaa vya kimono na jina la Miyazaki Yuzen, mchoraji wa pepeo za mkono aliyeishi Kyoto karne ya 17. Hiyo huchapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na skrini yake: maua ya cheri, korongo, mawimbi yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na mistari ya dhahabu inayometa ukiigeuza kwenye mwanga.

Ugumu unaanzia hapo. Michoro hiyo ilibuniwa kwa ajili ya nguo ya mwili mzima, na bruchi ni sentimita nne au tano. Ukikata popote, utapata shingo ya korongo asiye na kichwa. Kwa hiyo fundi hutoboa dirisha kwenye kipande cha kadibodi, lenye umbo na ukubwa wa bruchi anayoitaka, akalitembeza polepole juu ya karatasi. Anatafuta mahali ambapo ua moja limekaa vizuri na nafasi tupu imebaki kando yake. Wasio na uzoefu hujaza kila pembe. Mwenye jicho huacha sehemu ipumzike. Akishaipata, anapiga alama kwa penseli nyuma ya karatasi, ndipo mkasi unaingia.

Kwenye meza ya kazi

Msingi wa bruchi ni kadibodi nyembamba, tabaka tatu au nne zilizogandishwa pamoja na kulazwa chini ya vitabu vizito hadi zikauke zikiwa zimenyooka. Baada ya kukatwa umbo, kingo hulainishwa kwa msasa, maana kona kali ndiyo inayochanika mwanzo.

Gundi ya asili ni uji mzito wa wanga, wa ngano au wa mchele, uliopikwa hadi ukang'aa na kuchujwa. Hupakwa kwa brashi, na karatasi hulazwa ikisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Hapo washi huonyesha tabia ambayo karatasi ya ofisini haina: ikipata unyevu inalegea na kutii, inaizunguka kingo ya mviringo bila kufanya mikunjo mikubwa. Pale vipande viwili vinapokutana, fundi hatumii mkasi. Anachora mstari kwa brashi yenye maji, anasubiri kidogo, kisha anavuta pande mbili taratibu. Karatasi inaachana ikiwa na manyoya ya nyuzi pembeni, na manyoya hayo yakilazwa juu ya kipande kingine, kiungo hakionekani.

Kibanio cha chuma nacho kina mahali pake. Kikiwekwa katikati kabisa, bruchi huinama mbele na kutazama chini. Huwekwa juu kidogo ya nusu ili uzito uning'inie chini ya pini. Fundi makini haamini gundi peke yake, hushona kibanio kwenye kadibodi kwa uzi kabla ya kuivisha karatasi ya mbele, na mishono inafichika.

Wapo pia wanaoacha kadibodi kabisa na kutumia mizuhiki, kamba za karatasi iliyosokotwa na kukazwa kwa wanga, ambazo mji wa Iida mkoani Nagano umejijengea jina kwazo. Kwa desturi hufungwa kwenye bahasha za zawadi, nyekundu na nyeupe kwa furaha, nyeusi na nyeupe kwa msiba. Siku hizi mafundo yaleyale yanabanwa kifuani na kuning'inia masikioni.

Vanishi ni kinga, lakini ina deni

Linabaki suala linalogawa mafundi: upake vanishi au usipake? Wanaopaka hupaka mara nyingi, tabaka moja likauke ndipo lije jingine, hadi bruchi ing'ae kama kigae. Tone la maji linateleza, alama za vidole zinafutika. Lakini ukiishika, huwezi tena kujua kama ni karatasi au plastiki, na ile hali ya kitambaa iliyowagharimu watu majira mazima ya baridi imezikwa chini ya kioo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hoja hii kwa njia ya Kampala. Kina mama wa huko, wakiwemo waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wamekuwa wakikata magazeti na mabango kuwa pembetatu ndefu, wakazikunja zikawa shanga na kuzichovya kwenye vanishi. Kwao vanishi ni lazima: karatasi ya jarida ina nyuzi fupi, na bila kinga hiyo shanga ingefumuka kwa jasho. Washi haihitaji gamba nene namna hiyo. Kwa karne nyingi Wajapani waliiimarisha kwa vitu vinavyozama ndani ya nyuzi: maji yaliyochachushwa ya tunda bichi la pasimoni, au ute wa kiazi cha konnyaku. Bruchi iliyopakwa kidogo namna hiyo huvumilia manyunyu, ingawa si ya kuogea wala kuvaliwa kwenye masika.

Na Uganda ina zaidi ya shanga. Kitambaa cha gome la mutuba cha Waganda kimo kwenye orodha ileile ya UNESCO, na mutuba na kozo ni wa familia moja ya mimea. Hata mforsadi-karatasi wenyewe, mmoja wa wazazi wa kozo, uliletwa Uganda na sasa umeenea msitu wa Mabira hadi wataalamu wa misitu wanauhesabu kuwa mti vamizi. Nyuzi za gome lake hutengenezewa karatasi Uchina na Thailand. Anayetafuta malighafi ya urembo wa karatasi katika ukanda huu asianze kwa kuagiza Kyoto.

Kwa upande wangu, kati ya kambi hizo mbili ningechagua wenye mkono mwepesi, na sababu yangu si mng'ao. Gundi ya wanga hulegea kwa unyevu. Bruchi isiyozibwa ikichakaa, kitambaa kilicholowa kikilazwa juu yake kwa muda kinatosha kuivua karatasi iliyochoka, na kadibodi, mishono na kibanio vikapokea vazi jipya. Iliyozamishwa kwenye vanishi haina nafasi hiyo. Itang'aa miaka kadhaa zaidi kuliko mwenzake, lakini siku itakapopasuka hakuna fundi atakayeweza kuitengeneza.