Nani Aliyewaletea Wauruguay Kandanda?

Vitabu vya historia hupenda kutuambia kwamba Amerika Kusini "ililetewa" kandanda na Waingereza. Sisi tufundishao lugha twaijua hila ya kauli ya kutendewa: anayepokea huonekana kana kwamba hakufanya lolote. Lakini ilikuwaje hasa?

Tuitazame Uruguay. Tarehe 28 Septemba 1891, wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Waingereza waliunda Central Uruguay Railway Cricket Club. Kama jina lenyewe linavyotangaza, shabaha ya awali ilikuwa kriketi. Waasisi walikuwa 118, wengi wao Waingereza, ingawa wenyeji nao walikuwa 45. Karakana za kampuni zilikuwa Peñarol, kitongoji cha Montevideo ambacho jina lake latokana na Pinerolo, mji wa Italia alikotoka mlowezi mmoja wa zamani. Hivyo klabu ya mafundi wa Kiingereza ikaja kujulikana kwa jina la Kiitaliano lililofinyangwa na ndimi za Kihispania!

Kriketi ilififia, kandanda ikashika. Yataka vifaa gani, zaidi ya mpira na uwanja mtupu? Wakubwa wa kampuni, hata hivyo, hawakufurahi. Wafanyakazi waliacha zana wakaenda kucheza au kutazama, nao mashabiki wakaharibu mabehewa. Msimamizi mpya aliyeingia 1906 alikataa katakata kuigharimia timu. Kufikia 1914 timu ilikuwa imejitenga na reli, ikaitwa Peñarol. Huko Rosario, Argentina, klabu ya wanareli iliyoanzishwa 1889 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wasio wa reli tangu 1903, ikawa Rosario Central.

Lugha nayo ni shahidi. Sisi twasema mchezaji "ameotea", kitenzi chetu cha mawindoni. Watu wa Buenos Aires na Montevideo walilitwaa neno la Waingereza wenyewe wakalitafuna hadi likawa "orsai".

Kisha mwaka 1916, katika mashindano ya Amerika Kusini mjini Buenos Aires, Uruguay iliilaza Chile 4-0. Mawili yalifungwa na Isabelino Gradín wa Peñarol, mzawa wa ukoo wa watumwa waliotolewa Afrika. Chile ikalalamika kwamba Uruguay imechezesha Waafrika. Malalamiko hayo hayakufua dafu: Uruguay ilitwaa ubingwa, na Gradín akawa mfungaji bora wa mashindano.