Mahamri na mbaazi ni lishe bora, ila chai isubiri

Asubuhi yoyote mjini Lamu, kabla punda hawajaanza kupandisha mizigo kutoka bandarini, harufu ya mahamri huwa tayari imeenea vichochoroni. Mahamri hayo huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi, na pembeni huwekwa kikombe cha chai. Wakazi wa Mombasa, na siku hizi hata wa Nairobi, wanakijua vyema chakula hiki, na wengi hukiona kuwa cha kujaza tumbo tu. Kwa hakika ni miongoni mwa vyakula vilivyopangwa vizuri zaidi hapa pwani. Kasoro yake kubwa imo kikombeni.

Tuanze na mbaazi zenyewe. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini ya takriban gramu 21, hali unga mweupe wa ngano una kama gramu 10 tu. Lakini hesabu hiyo haielezi yote. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vidogo, na mwili hauwezi kuitumia vizuri ikiwa kipande kimoja kimepungua. Ngano na mchele vina upungufu wa kipande kiitwacho laisini, ambacho mbaazi, kunde na pojo zinacho kwa wingi. Jamii hiyo ya kunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo hupatikana katika nafaka. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini mkate hawakuuacha uliwe mtupu.

Mbaazi pia zina madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili hutumia kutengenezea damu. Hapa ndipo kuna tatizo. Chuma kitokacho katika mimea hufyonzwa na utumbo kwa shida kuliko kile cha nyama au samaki. Isitoshe, majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini ambacho hukishika chuma hicho tumboni na kukitoa nje pamoja na uchafu. Mtu anaweza kula bakuli zima la mbaazi na kufaidika kidogo mno, kwa sababu alizishushia chai. Kahawa nayo haina unafuu, na wapenzi wa kahawa chungu wasikasirike.

Hakuna anayeambiwa aache chai. Inatosha kuichelewesha kwa muda wa saa moja hivi baada ya chakula. Badala yake mezani pawekwe ndimu, kipande cha papai, embe au chungwa, kwani vitamini C iliyomo hufanya kazi iliyo kinyume cha tanini: huusaidia utumbo kukipokea chuma cha mimea. Ndimu ikamuliwe baada ya chungu kuteremshwa, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Kwa bahati nzuri, watu wa visiwani wana msaada mwingine. Kipande kidogo cha samaki katika chungu cha kunde huleta chuma chake na pia huongeza kiasi cha chuma cha kunde kinachofyonzwa.

Jambo hili si la anasa. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, hukosa pumzi anapopanda ngazi, na akipoteza damu wakati wa kujifungua huwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake. Mtoto wake aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa watoto wachanga, kukosa chuma katika miaka miwili ya mwanzo hudhuru ukuaji wa ubongo, na madhara hayo huweza kubaki hata damu ikirudi. Ukimvuta mtu ukope wa chini ukaona ndani ni peupe, mpeleke kliniki akapimwe. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, na magonjwa hayo hayatibiwi kwa mbaazi. Wala chakula hakichukui nafasi ya vidonge vya chuma na asidi ya foliki ambavyo wajawazito hupewa kliniki.

Serikali ya Kenya ilishaliona tatizo hili. Mwaka wa 2012 sheria iliwalazimu wenye viwanda kutia vitamini na madini, chuma kikiwemo, katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa paketi. Ni hatua ya maana, lakini unga unaosagwa katika vinu vya mitaani haumo katika mpango huo. Anayepeleka mahindi yake kinuni yafaa ajue kwamba nyongeza hiyo ataitia mwenyewe jikoni.

Na ya kutia yapo. Sehemu kubwa ya mboga zinazouzwa katika kisiwa cha Lamu huvushwa kwa mashua kutoka bara kupitia Mokowe, hivyo bei hupanda na majani hufika yamechoka. Mzunze, ambao wengine huuita mlonge, hauhitaji safari hiyo. Huota katika mchanga, huvumilia jua, na tawi lake ukilichomeka ardhini hushika. Majani yake mabichi yana protini ya kama gramu 9 kwa kila gramu 100, kiasi kikubwa kwa mboga ya majani, pamoja na chuma na chokaa ya mifupa. Yatoe katika vikonyo, yapike kwa muda mfupi, utie tui. Tui hapo si la ladha tu, kwa kuwa rangi ya mboga za majani, boga na embe ndiyo mwili huigeuza vitamini A, na haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Tui la pili, lile jepesi, latosha. Anayemimina tui zito kila siku auulize moyo wake kwanza.

Wauzaji wa mzunze uliosagwa hupenda kudai kwamba una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Madai hayo yachukuliwe kwa tahadhari. Kukausha majani hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa majani kwa mlo mmoja. Kijiko kimoja katika uji ni nyongeza nzuri, basi. Kisamvu nacho ni mboga yenye nguvu, ila majani ya muhogo mabichi yana sumu. Yatwangwe vizuri, yachemshwe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, na maji ya kwanza yamwagwe.

Anayehitaji nyongeza hizi kuliko wote ni mtoto aliyetimiza miezi 6, wakati maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa aendelee kunyonya. Watoto wengi wa pwani huanzishiwa ubwabwa, yaani wali uliopikwa ukalainika. Hushibisha, lakini mchele mtupu una protini ya kama gramu 7 tu katika gramu 100, na chuma chake ni haba. Dawa yake imo katika chakula cha wakubwa: mseto, wali uliochanganywa na pojo, ambazo watu wa bara huziita ndengu. Vikombe vitatu vya mchele kwa kimoja cha pojo huipandisha protini hadi karibu gramu 11, na ubora wake huongezeka kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

Pojo zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha zifungwe katika kitambaa chenye unyevu kwa siku moja hadi zichipue. Kuchipua hupunguza vitu vinavyozuia chuma kufyonzwa. Zioshwe, zipikwe pamoja na mchele mpaka ziive kabisa, zipondwe laini. Tia tui kidogo, na samaki aliyechambuliwa miiba yote kwa vidole, si kwa macho. Kijiko cha simsim iliyokaangwa ikasagwa huongeza mafuta na protini. Simsim si ngeni Lamu, ambako zamani ngamia walizungushwa vinuni kukamua mafuta yake.

Tahadhari moja kuhusu njugu, simsim na mahindi ya kuongezea uji. Hewa ya visiwani ina unyevu, na nafaka isiyokauka vizuri huota kuvu inayotoa sumu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Haiondoki kwa kupikwa. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye harufu ya uvundo zisioshwe wala zisichanganywe na nzuri. Zitupwe, na kuku wasipewe.