Uchovu wa mgonjwa wa saratani si uvivu

Mama mmoja ninayemtembelea, anayetumia dawa za saratani, aliunguza maharage kwa kusahau. Majirani walimcheka. Usicheke, wala usiseme amerogwa.

Dawa za saratani huweza kudhuru pia bakteria wazuri wa tumboni. Hao husaidia kusaga chakula na kulinda utumbo, na utumbo huwasiliana na ubongo. Wataalamu wanachunguza jinsi kuvurugika kwao kunavyochangia uchovu na usahaulifu.

Wewe ufanye nini? Msaidie kuchota maji na kupika. Mpe maji yaliyochemshwa na chakula kilichoiva vizuri. Asimeze antibiotiki za sokoni bila kuandikiwa, kwani nazo huua bakteria wazuri. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku. Msisubiri kesho.