Foleni Huanzia Kituoni

Usiku wa Julai 7, 2010, Hispania na Ujerumani zilikuwa zikimenyana mjini Durban katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na baadhi ya wenye tiketi walikuwa bado angani. Uwanja wa ndege wa King Shaka ulikuwa umefunguliwa Mei 1 mwaka huohuo. Njia yake ya kurukia ilikuwa mpya na ndefu. Kilichokosekana ni maegesho. Ndege binafsi za wakubwa zilitua, zikashusha watu wake, zikabaki palepale. Za abiria wa kawaida zikazungushwa hewani, nyingine zikarudi zilikotoka.

Sisi wa mipango ya usafiri hukipenda kisa hiki, Mungu atusamehe, kwa kuwa kinaonyesha jambo tunalohangaika kulieleza: njia haizidiwi pale vyombo vinapokwenda, huzidiwa pale vinaposimama.

Chukua basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungio katikati. Tuseme limebeba watu 150 waliobanana. Likipita moja kila dakika, kwa saa nzima umewaondoa watu 9,000. Uwanja wa watu 60,000 ukifunguliwa milango baada ya mechi, na theluthi tu wakitaka basi, wa mwisho atasubiri zaidi ya saa mbili. Ongeza mabasi basi, utaniambia, liwe moja kila nusu dakika. Sawa. Lakini kama kila basi linatumia sekunde 40 kupakia, la pili linafika la kwanza halijaondoka, la tatu linakaa nyuma ya la pili, na baada ya muda mfupi una msururu wa mabasi yaliyosimama huku barabara ya mbele ni nyeupe. Umenunua mabasi, umepata foleni.

Kwa hiyo mhandisi mzuri hupigania sekunde. Nauli ilipwe kabla ya kupanda, sakafu ya kituo ilingane na ya basi ili asiwepo wa kupanda ngazi, milango iwe mingi na mipana. Kisha pale kituoni barabara iongezwe njia moja, basi lililokwisha kupakia lilipite linalopakia. Bogotá ilianza hivyo mwaka 2000, na mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria 2016, ukafuata mfano huo. Ndiyo maana Barabara ya Morogoro inatanuka kila inapofika kituoni.

Johannesburg nayo ilizindua mabasi ya namna hiyo, Rea Vaya, Agosti 2009, kati ya Soweto na Ellis Park. Zege halikuwa tatizo. Wenye taksi ndogo, zinazofanya kazi kama daladala na matatu zetu, waliona riziki inaondoka, na siku za mwanzo mabasi yalipigwa risasi. Mazungumzo yaliendelea hata baada ya fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2011 wenye taksi waliokubali kuondoa magari yao njiani wakawa wanahisa wa kampuni ya kuendesha mabasi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika katika jiji lile. Treni ya Gautrain, iliyopigwa picha zaidi, ilianza siku tatu kabla ya mechi ya ufunguzi kwa kipande cha uwanja wa ndege hadi Sandton. Pretoria ilingoja hadi 2011. Haikuwa na kituo Soccer City, ilikochezwa fainali.

Sasa Kenya, Uganda na Tanzania zinajiandaa kupokea Kombe la Mataifa ya Afrika 2027, na kilomita za lami zitatangazwa sana. Mimi ningeomba mchoro mmoja tu wa uwanja wa Kasarani, wa Namboole na wa Benjamin Mkapa: mabasi yatakaa wapi dakika zote 90, yatageuzia wapi, na watu watatembea hatua ngapi kuyafikia bila kukatiza mbele ya magari ya wageni rasmi. Nawe usisahau zamu za madereva. Mechi ikifika kwenye penalti, watu hutoka kama dakika 45 baada ya muda uliopangwa, na dereva aliyeingia kazini alfajiri atakuwa amekwisha kukabidhi basi.