Safari Rally ilipokuwa barabara moja ya nchi tatu

Pasaka ya mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio za East African Safari. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mengine yalibaki njiani: lililozama kwenye tope, lililopasuka rejeta, lililovunjika springi, lililochelewa mno hadi likafutwa kwenye orodha.

Miongoni mwa walioachwa njiani alikuwamo Erik Carlsson wa Sweden, ambaye mwaka huo na uliotangulia alikuwa ameshinda mbio za Monte Carlo huko Ulaya. Alikuwa akiongoza na kagari kake kadogo aina ya Saab 96 alipogonga muhanga, yule mnyama mla mchwa anayechimba mashimo porini. Safari yake ikaishia hapo. Ushindi ukaenda kwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, waliokuwa na Peugeot 404. Wale waliomaliza wakabatizwa "Saba Watukufu", jina lililoazimwa kutoka filamu ya Kimarekani ya wakati huo.

Miaka mitano baadaye, 1968, yalijirudia yale yale kana kwamba mtu aliyapanga. Magari zaidi ya 90 yaliondoka, saba yakarudi, na walioshinda walikuwa Nowicki na Cliff, tena katika Peugeot 404. Safari hii waliomaliza waliitwa "Saba Wasiozama".

Hadithi za aina hii ndizo zilizoipa Safari Rally sifa ya kuwa mbio ngumu kuliko zote duniani. Lakini katika kusimulia tope na wanyama, jambo moja husahaulika mara nyingi: kwa miaka yake ishirini ya mwanzo, hayakuwa mashindano ya Kenya. Yalikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na barabara ilikuwa moja.

Wazo la binamu wawili

Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo maana mwanzoni ziliitwa Coronation Safari. Anayetajwa kuwa mwasisi ni Eric Cecil, mlowezi wa Kenya aliyependa mbio za magari. Inasimuliwa kwamba binamu yake, Neil Vincent, hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanjani. Kwake yeye, kuzunguka mahali pamoja kutwa nzima ni kazi ya ng'ombe wa kukamua mafuta. Alitaka watu waingie kwenye magari, wafunge milango, wavuke nusu ya Afrika na kurudi.

Usisahau ulikuwa wakati gani. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto. Wakati wazungu wachache walipokuwa wakijiandaa kukimbia kwa furaha kutoka koloni moja hadi jingine, Waafrika wengi wa Kenya ya kati hawakuwa na uhuru wa kutoka hata kijijini mwao. Mashindano yalizaliwa na doa hilo, na doa hilo halikufutika haraka.

Hata hivyo kanuni zake zilikuwa na busara ya aina yake. Magari hayakupangwa kwa nguvu ya injini, kama ilivyozoeleka Ulaya, bali kwa bei ya dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, na lilitakiwa liwe kama lilivyouzwa, bila kufanyiwa ufundi mkubwa. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Kampala au Mwanza aliyesoma matokeo gazetini alijua kuwa gari lililoshinda ndilo lile lile lililowekwa kwenye kioo cha duka la mjini kwake. Kwa wauzaji wa magari lilikuwa tangazo lisilo na mfano.

Matokeo yake, washindi wa kwanza hawakuwa magari ya mbio unayoyaona kwenye picha za Ulaya za zama hizo, yale marefu yenye kiti kimoja. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda na Volkswagen yenye mgongo wa kobe. Mwaka uliofuata wakarudia, safari hii na Ford Zephyr. Mwaka 1956 Eric Cecil mwenyewe aliyaonja matunda ya mti alioupanda, akiwa na DKW. Kisha zikafuata Mercedes za Bill Fritschy na Jack Ellis, mwaka 1959 na 1960. Ni katika mwaka huo wa 1960 ambapo jina la kifalme liliachwa na mbio zikawa East African Safari.

Tope halina pasipoti

Njia ya miaka ya 1960 ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mbio. Lori la mkaa, basi la abiria na kundi la ng'ombe vyote vilikuwa na haki ya kuwapo. Kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo cha ukaguzi ililipwa kwa pointi za adhabu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Hakukuwa na haja ya kuwa mwepesi kuliko wote; ilitosha kuwa wa mwisho kuharibikiwa.

Na kuharibikiwa kulikuwa na majina ya mahali. Kuna mlima wa Magara upande wa Mbulu, ambako barabara ilipanda ukutani mwa Bonde la Ufa. Kuna Usambara na kona zake, na kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukinyeshewa hushika tairi kama gundi. Mbio zilifanyika Pasaka, yaani katikati ya masika, na waandaaji walijua walichokuwa wakifanya.

Mwaka 1964 Carlsson alirudi na Saab yake, akanasa kwenye tope. Yeye na mwenzake Gunnar Palm wakalibingirisha gari ubavu kwa ubavu mpaka likasimama tena pakavu, wakaondoka. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, aliwaonyesha mbele ya macho yao jinsi alivyofanya. Alimaliza wa pili.

Wengi hawakuhitaji kubingirisha kitu, kwa sababu wanakijiji walikuwa karibu. Mikono iliyosukuma magari kutoka kwenye madimbwi ya Tanganyika na Uganda haikuandikwa kwenye orodha yoyote ya matokeo, lakini bila hiyo hata wale saba wasingefika. Katika orodha ya washindi ya miaka ishirini hiyo hakuna jina hata moja la Mwafrika mweusi. Gari lilikuwa ghali, na muda wa kulifanyia mazoezi ulikuwa ghali zaidi. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1994 kwa Patrick Njiru wa Kenya kumaliza wa nne akiwa na Subaru.

Kila mji na bingwa wake

Aliyefungua mlango wa kwanza alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekulia kwenye gereji ya baba yake na kushika spana kabla ya usukani. Mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, alipanda Volvo PV544 kuukuu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Waliitengeneza wenyewe, wakaondoka na namba 1 mlangoni, wakashinda kwa zaidi ya saa nzima. Kenya ikampa jina la Simba. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, na alifariki dunia London mwaka 2013.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na wake. Bert Shankland, fundi mwenye asili ya Scotland aliyeishi jijini humo, alishinda mwaka 1966 na 1967 mfululizo akiwa na Chris Rothwell. Gari lilikuwa Peugeot 404, na haikuwa bahati. Lilisimama juu, springi zake zilikuwa ndefu na laini, na chuma chake kilivumilia mashimo. Miaka mingi baada ya mbio hizo Peugeot ziliendelea kubeba abiria na magunia katika miji ya Afrika Mashariki, kazi ambayo pengine ni mtihani mgumu kuliko rally yenyewe.

Kampala ilimtoa Shekhar Mehta, aliyezaliwa huko mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta alihamia Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa mara ya kwanza na Datsun 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden na ushindi kuamuliwa kwa kanuni ya kutenganisha. Angeshinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Vitabu vya rekodi vinamtaja kama Mkenya. Kampala ilimpoteza kama ilivyowapoteza wenye maduka, mafundi na walimu wake wengi wa mwaka ule.

Kufikia hapo dunia ilikuwa imekwisha kuja mlangoni. Wajapani walitengeneza filamu kuhusu Safari mwaka 1969, ikiongozwa na nyota wao Yujiro Ishihara, na mwaka 1970 na 1971 Datsun zikashinda kweli mikononi mwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Imani kwamba wenyeji tu ndio wanaoijua njia ikaanguka.

Barabara inakatika

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967. Kwa mwenye kufuatilia mbio za magari, dalili za kuvunjika kwake zilionekana kabla ya wanasiasa kukiri. Mwaka 1974, miaka mitatu kabla Jumuiya haijafa, maneno "East African" yaliondolewa kwenye jina la mbio. Zikabaki Safari Rally, na zikawa za Kenya. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Hata lingekuwapo gari la kuvuka, lisingepita.

Jumuiya ilifufuka mwaka 2000. Mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 ya mbio za kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic. Ndani yake zimekimbia Escort, 240Z na Porsche 911 za zamani, na njia yake imewahi kuingia Tanzania. Bingwa wa mwaka 1977, Björn Waldegård wa Sweden, alikuja na kulishinda mara mbili akiwa mzee. Ni magari ya watu wenye uwezo, mengi yakiletwa kwa meli kutoka Ulaya na kurudishwa baadaye.

Safari kubwa yenyewe ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha. Uganda ina Pearl of Africa yake, Rwanda ina Mountain Gorilla, na Tanzania ina rally yake. Dereva anayetaka kupita tena njia ile ya mwaka 1963 sasa hujisajili mara moja kwa kila nchi, na kati ya nchi na nchi gari lake hupanda lori.