Sura ya nyota, mwili wa mwingine: wanawake wanaoanguka kwenye filme

Munaangalia filme ya vita. Mwanamke anavunja dirisha, anaanguka chini, anasimama na kuendelea kupigana. Hapo mara nyingi munakuwa mumeangalia watu wawili. Sura ni ya nyota mwenye jina kubwa kwenye bango. Mwili unaoanguka ni wa mwanamke mwingine, aliyevalishwa nguo zilezile na kutengenezwa nywele zilezile. Huyu ni nani, na nani anamulinda?

Tuanze na Jeannie Epper wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1941. Baba yake, John Epper, alitoka Uswisi, alikuwa fundi wa farasi, na Hollywood ilimutumia kuruka na kuanguka mahali pa waigizaji wakubwa. Watoto wake wote 6 waliingia kazi hiyo. Jeannie alikuwa na miaka 9 tu alipopanda farasi bila tandiko na kuteremuka naye kwenye muteremuko mukali mbele ya kamera.

Miaka ile, kama mwigizaji mwanamke alipaswa kuanguka, mara nyingi mwanaume ndiye aliyevalishwa wigi na gauni na kulipwa. Mwaka 1967 wanawake wa kazi hiyo wakaunda chama chao, na Epper alikuwa kati ya waanzilishi. Kisha ikakuja Wonder Woman kwenye televizio, kuanzia 1975 mpaka 1979: sura ilikuwa ya Lynda Carter, lakini mengi ya kuruka na kupigana yalikuwa ya Epper. Mwaka 1984, kwenye Romancing the Stone, ndiye aliyeteleza na poromoko la matope mahali pa Kathleen Turner. Alifanya filme na vipindi zaidi ya 100. Mwaka 2007 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Taurus ya heshima kwa kazi ya maisha yote. Alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 83.

Sasa, kwa nini kazi hii ni nguvu zaidi kwa wanawake? Sababu kubwa ni nguo. Mwanaume akianguka na koti na suruali pana, chini yake anaficha sponji za magoti, viwiko na mgongo. Mwanamke anapewa gauni fupi, mikono wazi, viatu virefu. Sponji zitafichwa wapi? Pigo linafika kwenye mfupa.

Ni kweli, kila kitu kinapangwa mbele. Kuna boksi za karatasi au mufuko mukubwa wa hewa wa kumupokea, kuna kamba, kuna mazoezi ya polepole mbele ya mwendo wenyewe. Kuna pia mukubwa wa kazi anayepima umbali na mwendo, na mwenye haki ya kusema: leo hapana. Lakini mupango ukiharibika, anayeumia si yule wa kwenye bango.

Agosti 2017, kule Vancouver, Kanada, Joi Harris alikufa kwenye pikipiki wakati wa kupiga Deadpool 2. Alikuwa Mwamerika Mweusi, mwendeshaji wa mashindano, na hiyo ilikuwa filme yake ya kwanza katika kazi hiyo. Hakuvaa kofia ya pikipiki, kwa sababu mutu wa kwenye hadithi havai kofia. Pikipiki ilipita mahali ilipopaswa kusimama. Wakaguzi wa usalama kazini waliona makosa ya kampuni, na ikatozwa faini ya karibu dola 290,000 za Kanada.

Miaka 2 mbele ya hapo, Olivia Jackson wa Afrika Kusini alikuwa anaendesha pikipiki mahali pa Milla Jovovich kwenye filme ya Resident Evil, katika inchi yake mwenyewe. Chuma kilichobeba kamera kilipaswa kuinuliwa kumupisha. Kilichelewa, kikamugonga. Alipoteza mukono wa kushoto. Alienda tribinali, na mwaka 2020 majaji wa kule walikubali kwamba kazi ile haikupangwa vizuri. Yaani alipata haki miaka 5 kisha mukono kupotea.

Wakubwa wa Oscar nao walikawia. Mwaka 2025 ndipo walitangaza tuzo ya kazi hii, kwa filme za mwaka 2027, itakayotolewa mwaka 2028.

Hapa kwetu vijana wengi sasa wanapiga filme, na kamera inaweza kuwa simu tu. Binti akiombwa kuruka au kupanda pikipiki mbele ya kamera, aulize kwanza maneno matatu: Nani amepima? Nitaangukia wapi? Nikivunjika, nani atalipa hospitali? Kama hakuna mwenye kujibu, nyota mwenyewe aruke.