Kikao Kikiisha, Usiwahi Kuondoka

Anayetaka kuacha pombe huku kwetu hupewa ushauri wa aina mbili: jikaze, au nenda ukaombewe. Wapo waliopona kwa njia hizo, sina ugomvi nazo. Ila hazijibu swali la saa kumi na mbili jioni, kazi imeisha, mshahara umeingia, na marafiki wote ulionao wako baa.

Saa kama hiyo ilimkuta Bill Wilson mwezi Mei 1935. Alikuwa dalali wa hisa kutoka New York, amefika Akron, Ohio, kwa biashara iliyomwendea mrama, na alikuwa na miezi michache tu tangu aache kunywa. Pale hotelini baa ilikuwa inamwita. Akapiga simu kwa viongozi wa makanisa kuulizia mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, na hatimaye akakutanishwa na Dk. Bob Smith, mpasuaji ambaye pombe ilikuwa inamharibia kazi. Katika mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani AA. Wilson hakuwa akitafuta mwalimu. Alitaka mtu aliyepita alikopita yeye, na mpaka leo vikao vya AA vinaendeshwa kwa msingi huo.

Je, vinasaidia? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Tiba zilizomwelekeza mgonjwa kwa utaratibu maalumu aingie AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine za ushauri katika jambo moja kubwa: kumfanya mtu akae bila kunywa kabisa. Tafiti nyingi zilikuwa za Marekani, kwa hiyo tusizibebe kama zilivyo. Lakini watafiti waliochunguza sababu wanataja kitu ambacho mtu wa Manzese au Kariobangi atakielewa mara moja: anayehudhuria hubadilisha watu anaoshinda nao. Wanaokunywa wanapungua, wasiokunywa wanaongezeka.

Ndiyo maana naona wengi huchagua kikao vibaya. Hutafuta chenye wazungumzaji hodari, au cha mbali kabisa wasikojulikana. Hofu ya kujulikana ina msingi, maana mtaani habari haikawii. Lakini kikao cha kupanda daladala mbili utakiacha wiki ya tatu. Bora cha karibu, unachoweza kukifikia hata siku huna hamu.

Kukipata kwataka subira. Ukiandika “AA Nairobi” kwenye simu, usishangae ukaletewa mafunzo ya udereva, kwa kuwa chama cha wenye magari nacho kinatumia herufi hizo. Andika jina lote, au tumia programu ya Meeting Guide. Uliza pia kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, 1192. Ukishapata anwani, piga simu kwanza, kwani vikundi huhama ukumbi na kubadili saa. Kama mjini kwako hakuna, vipo vya mtandaoni.

Kuna tahadhari moja isiyongoja. Anayeamka akitetemeka mpaka azimue, aende hospitali kabla ya kuacha. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa hivyo. Kikao hakitibu hilo.

Ukipiga simu ya kuulizia kikao, uliza pia kama ni cha wazi, ambacho hata ndugu anaweza kuingia, au ni cha wenye tatizo peke yao. Ndani huwa ni viti, chai, na takriban saa moja ya watu kusema kwa zamu. Mtu hutaja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, anaeleza wiki yake ilivyokuwa. Hakatizwi, hajibiwi, hapewi mawaidha. Ikifika zamu yako unaweza kusema, “Leo nitasikiliza tu,” na inapita kwa jirani. Kapu la mchango likizungushwa, mgeni halazimiki kutoa. Sharti la kujiunga ni moja, nia ya kuacha kunywa. Mungu hutajwa, na mara nyingi ukumbi ni wa kanisa, lakini chama hakifungamani na dini yoyote. Mwislamu hadaiwi kuacha lolote lake mlangoni.

Kisha kikao kinakwisha, na hapo ndipo wageni wengi hukosea: wanachomoka kabla viti havijapangwa. Baki. Osha vikombe. Katika dakika hizo ndipo namba za simu hubadilishwa, mtu akakuambia, “Jioni ikikubana nipigie, hata saa nne usiku.” Mlezi wako, yule mzoefu atakayekushika mkono, naye kwa kawaida hupatikana katika maongezi kama hayo. Kama kikundi cha kwanza hakikukufaa, jaribu kingine kabla ya kuhukumu vyote. Na ukirudia chupa katikati, rudi kikaoni. Wengi waliomo walikwisha kurudi hivyo.

Familia ina mlango wake. Al-Anon, kilichoanzishwa 1951 na Lois, mke wa Wilson, pamoja na wenzake, ni cha ndugu wa walevi, na mke anaweza kwenda hata kama mume bado yuko kilabuni.